Tovuti Iliyoandikwa kwa Mkono na Matunzo Yake



Programu huria ni programu ya kompyuta ambayo kila mtu ana ruhusa ya kuitumia, kuchungua ilivyoundwa, kuirekebisha na kumgawia mwenzake. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa programu ya namna hiyo kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, ya kuandikia barua na kufanyia hesabu. Kazi kama hiyo yahitaji mahali pa kuitangaza: ni kitu gani, inapatikana wapi, inawekwaje. Mahali hapo ndipo tovuti.

Tovuti yaweza kuandikwa kwa mkono, bila mitambo ya gharama. Kila ukurasa ni faili la maandishi ya kawaida lenye alama chache: <p> huanzisha aya, <a> hufungua njia ya kwenda ukurasa mwingine. Mwanzilishi wa kazi hiyo ni Tim Berners-Lee, kule CERN, Uswisi. Na mwaka 1993 CERN iliuachia ulimwengu bila malipo. Ukurasa wa namna hii ni mwepesi. Mfanyakazi wa Kinama mwenye simu ndogo aufungua bila kumaliza mega zake.

Lakini hapa hakuna mtambo wa kukumbusha. Wanaokumbuka ni watu. Toleo jipya likitoka kuziba ufa wa usalama, na ukurasa ungali unaonyesha la zamani, msomaji atachukua lile lenye ufa, na faili zake zitakuwa hatarini. Kwa hiyo tushike haya:

1. Namba ya toleo na tarehe zibadilishwe siku ile ile, katika kila ukurasa unaozitaja.

2. Viungo vyote vijaribiwe mara kwa mara. Kilichokufa kirekebishwe au kiondolewe.

3. Kabla ya kubadili neno lolote, nakala ya zamani ihifadhiwe.

4. Nywila, na ada ya kila mwaka ya jina la tovuti, visiwe mikononi mwa mtu mmoja.

Hili la nne ndilo zito. Mtu huyo akihama au akifariki, tovuti yaweza kufungwa na jasho la wengi likapotea. Katika chama, ufunguo wa sanduku la michango hatumwachii mmoja. Na tovuti iwe vivyo hivyo: wafundishwe wawili au watatu, tena vijana wawemo. Anayejua kusoma na kuandika aweza kujifunza alama hizo.

Mali ya wote hutunzwa na wote.