Kujenga manowari ya kale mezani kwataka subira na ushahidi

MTU anayefungua kwa mara ya kwanza kisanduku cha seti ya kujengea modeli ya HMS Victory hakuti chochote kinachofanana na merikebu. Hukuta mafungu ya vibao vyembamba, plaiwudi iliyochongwa maumbo ya ajabu, mabunda ya uzi, mizinga midogo ya shaba isiyozidi urefu wa kidole, na karatasi kubwa za michoro zilizokunjwa mara nyingi.

Miezi mingi baadaye, na kwa wengi ni miaka, vitu hivyo huwa vimegeuka manowari yenye milingoti mitatu, safu tatu za mizinga na mtandao wa kamba unaomfanya mtazamaji ashindwe kujua zinaanzia wapi na kuishia wapi.

Neno manowari lenyewe lina asili katika enzi hizo. Waswahili walilitohoa kutokana na jina ambalo mabaharia Waingereza walizipa merikebu zao za vita, na leo hutumiwa hata kwa meli za chuma zisizo na tanga hata moja.

Victory ndiyo manowari inayopendwa mno na wajenzi wa modeli. Mkuku wake ulilazwa katika kiwanda cha Chatham, Uingereza, Julai 23, 1759, na chombo kikashushwa majini Mei 7, 1765. Katika vita vya Trafalgar, karibu na pwani ya Uhispania, Oktoba 21, 1805, ilikuwa na mizinga 104, na ni juu ya sitaha yake ambapo Admeri Horatio Nelson alipigwa risasi iliyomuua. Tangu 1922 imo katika gudi kavu mjini Portsmouth.

Merikebu hiyo ina urefu wa takriban mita 69 kutoka sanamu ya omo hadi tezi. Seti nyingine huipunguza mara 72, hivi kwamba kiwiliwili cha modeli hukaribia mita moja. Kwa kipimo hicho, baharia wa mita 1.7 huwa na kimo cha milimita 24, na ubao wa sitaha wenye upana wa sentimita 30 huwa kama milimita nne tu.

Kazi huanza palepale walipoanzia mafundi wa Chatham, yaani kwenye mkuku. Tofauti ni kwamba merikebu halisi ilikuwa na mataruma ya mwaloni yaliyopangwa kwa ukaribu mno, ilhali seti nyingi huwa na uti mmoja wa plaiwudi na vikuta vichache vinavyopachikwa juu yake kwa kuachiana nafasi. Mataruma hayo ya bandia hayataonekana tena baada ya kufunikwa kwa vibao.

Hata hivyo, ni hapo ambapo modeli nyingi huharibikia. Uti ukijipinda kwa milimita moja au mbili, mjenzi huenda asione kasoro yoyote wiki hiyo. Ataiona mwaka unaofuata, wakati milingoti itakapokataa kusimama sambamba na matundu ya mizinga ya upande wa kushoto yatakapokuwa juu kuliko ya upande wa kulia. Wakati huo hakuna gundi wala msasa wa kurekebisha kosa hilo.

Baada ya vikuta kusimama, kingo zake hupigwa msasa kwa mshazari ili kibao kiweze kulala juu yake bila kuacha mwanya. Kisha hufuata kazi ya kupigilia vibao, ambayo wengi husema ndiyo shule yenyewe.

Ugumu wake watokana na umbo la chombo. Katikati, tumbo la merikebu ni pana na umbali kutoka ukingo wa juu hadi mkuku ni mrefu. Kule omo umbali huo hupungua sana. Vibao vyenye upana mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho haviwezi kuenea mahali pote pawili. Sharti kila kibao kipunguzwe upana kinapokaribia omo, na kule tezi mara nyingi huongezwa vipande vyenye ncha ili kuziba nafasi inayobaki.

Anayepuuza hesabu hiyo na kulazimisha vibao vikae vilivyo hukuta vimepandana na kujikunja kama magamba. Vibao hulowekwa majini, hupashwa moto na kukunjwa taratibu, kisha hubanwa hadi vikauke. Fundi wa majahazi wa Lamu, ambaye huenda hajawahi kuona seti ya aina hii, angelitambua tatizo hilo mara moja, kwani ubao wa jahazi nao humdai vivyo hivyo.

Seti nyingi huwa na tabaka mbili za vibao. La kwanza ni la mti laini, na makosa yake hujazwa na kusuguliwa. La pili ni jembamba mno, aghalabu la mti wa jozi, na ndilo litakaloonekana. Chini ya mstari wa maji hubandikwa vibamba vya shaba kimoja kimoja, kwa maelfu, kwa sababu Victory yenyewe ilivikwa shaba mnamo 1780 ili kuzuia wadudu wa baharini wanaotoboa mbao pamoja na magugu yaliyopunguza mwendo wake.

Kamba ni kazi nyingine kabisa. Merikebu halisi ilihitaji kamba za takriban kilomita 42. Kuna zinazoshikilia milingoti, ambazo zilipakwa lami na kwa hivyo hufanywa nyeusi katika modeli, na kuna zinazopita kwenye makapi kuendesha foromali na matanga, ambazo huachwa na rangi hafifu ya katani. Ngazi za kamba walizopandia mabaharia hufungwa fundo baada ya fundo, kwa kibano, na mkono ukitetemeka kazi ya jioni nzima huenda bure.

Lakini si kila kitu hukubali kupunguzwa. Mwaloni ulioijenga Victory haufai kwa modeli yake, kwani nyuzi za mti huo hubaki kubwa vilevile na kuonekana kama mikunjo ya ajabu juu ya chombo kidogo. Kitambaa cha tanga nacho hubaki kinene, ndiyo maana wajenzi wengi waangalifu huacha foromali zikiwa tupu au matanga yakiwa yamekunjwa.

Sanaa hii si ya jana. Kuanzia katikati ya karne ya 17, Waingereza walitengeneza modeli za manowari zao kwa kipimo cha moja kwa 48, na nyingi ziliachwa wazi sehemu ya chini ili mataruma yaonekane. Wakati wa vita vya Napoleon, wafungwa Wafaransa waliozuiliwa Uingereza, kama vile katika kambi ya Norman Cross iliyofunguliwa 1797, walichonga manowari kwa mifupa ya nyama waliyopewa jikoni na kuziuza sokoni. Modeli hizo leo zimo katika makavazi.

Swali linalowasumbua wajenzi wa sasa si la ustadi wa mkono pekee. Ni iwapo merikebu wanayoiunda ndiyo iliyokuwako.

Mfano mzuri ni Vasa, manowari ya mfalme wa Uswidi iliyozama Stockholm Agosti 10, 1628, ikiwa katika safari yake ya kwanza na haijasafiri hata kilomita moja na nusu. Iliopolewa 1961 ikiwa karibu nzima. Mafundi wake hawakuwa na michoro ya kina kama inayotumika leo, hivyo mwenye kujenga modeli ya Vasa sasa ana karatasi nyingi kuliko waliojenga chombo chenyewe.

Karatasi hizo hazikuzuia kosa. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba sehemu ya juu ya Vasa ilikuwa ya samawati na sanamu zake za dhahabu, na modeli nyingi zikapakwa hivyo. Uchunguzi wa mabaki ya rangi uliofanywa kwa hadubini katika miaka ya 1990 ulionyesha kuwa ilikuwa nyekundu, na sanamu zilipakwa rangi nyingi za kung'aa.

Yaliyoipata Vasa yaliipata Victory pia. Milia ya manjano iliyozoeleka ubavuni mwake ilibadilishwa 2015, baada ya wataalamu kuchunguza tabaka za rangi ya kale na kuamua kuwa wakati wa Trafalgar ilikuwa hafifu zaidi, yenye kuelekea waridi. Modeli zote zilizofuata manjano yale, zikiwemo za mafundi hodari, ghafla zikawa na rangi isiyo yake.

Kwa manowari zisizosimama tena gudini mambo huwa magumu zaidi. Mombasa ina yake, Santo António de Tanná, merikebu ya Wareno iliyojengwa Bassein nchini India na kuzama mbele ya Fort Jesus mnamo 1697, wakati ngome hiyo ilipokuwa imezingirwa. Wanaakiolojia waliichunguza chini ya maji kuanzia 1977 hadi 1980 wakishirikiana na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, wakapima mbao zake, kisha wakaifunika tena kwa mchanga. Baadhi ya vifaa vilivyotolewa humo vimehifadhiwa Fort Jesus.

Kilichosalia ni sehemu ya chini. Anayetaka kuiunda kwa modeli ana vipimo vya kutosha vya mkuku na mataruma, lakini akipanda juu kuelekea shetri na milingoti atalazimika kukisia kwa kutazama merikebu nyingine za Wareno za wakati huo. Mjenzi mwaminifu huonyesha palipoishia vipimo na palipoanzia makisio, hata ikiwa ni kwa kuacha sehemu hiyo ya mti mtupu bila rangi.

Huko Portsmouth, nayo Victory imefunguliwa. Tangu 2022 mafundi wamekuwa wakiondoa mbao za nje zilizooza kutokana na kuvu na kuliwa na wadudu, katika ukarabati uliopangwa kuchukua zaidi ya miaka 10. Kupitia nafasi hizo mataruma yameonekana tena, na wataalamu wamepata fursa ya kuyapima na kuyalinganisha na michoro ambayo wajenzi wa modeli wameitegemea kwa miongo mingi.