Kufunga mwamba wa pweza: 718% ni ya nani?

Mwaka 2004 wavuvi wa Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, walikubaliana na watafiti wa shirika la Blue Ventures kufunga mwamba mmoja wa pweza kwa miezi kadhaa. Wavuvi walijua pweza hukaa mapango gani. Watafiti walileta mizani na daftari. Utaratibu huo umefika hadi Pemba, na tarakimu inayotangulizwa ni ongezeko la 718%.

Tarakimu hiyo inatoka katika uchambuzi wa mwaka 2015, uliopitia kumbukumbu za miaka 8 na vipindi 36 vya kufunga, vingi vya miezi 2 hadi 3. Unalinganisha pweza waliovuliwa siku 30 baada ya mwamba kufunguliwa na siku 30 kabla ya kufungwa. Ila uchambuzi huohuo una tarakimu ya pili: alichopata mvuvi mmoja kwa siku kiliongezeka 87%.

Ziweke pamoja. Jumla imefika mara 8.2, ya mvuvi mmoja mara 1.9. Ukigawanya unapata kama 4.4. Ni makadirio, kwa kuwa wastani umegawanywa kwa wastani, lakini yanaonyesha wazi kwamba mwamba ukifunguliwa watu humiminika maji yanapokupwa. Sehemu kubwa ya 718% ni wingi wa wavuvi. Inayokaribia kupima kukua kwa pweza ni 87%, na kwa kiumbe anayeishi takriban mwaka mmoja, hiyo si haba hata kidogo.

Sasa fedha. Vipindi 27 kati ya 36, yaani 75%, vilileta mapato zaidi ya yale ambayo mwamba ungeleta bila kufungwa; 9 havikuleta. Wastani wa faida ulikuwa dola 305 kwa kipindi. Tukikadiria dola kwa sh. 2,500 za Tanzania, ni sh. 762,500. Wavuvi 50 wakigawana, kila mmoja anapata sh. 15,250.

Hapo doria ya kuulinda mwamba uliofungwa haijalipwa. Chukua walinzi 2 kila usiku kwa siku 90, kila mmoja sh. 5,000: jumla sh. 900,000. Faida yote imekwisha, na kijiji kinadaiwa sh. 137,500.

Hesabu inakubali pale tu wanakijiji wanapolinda kwa kujitolea, na mtu hajitolei kulinda mwamba aliochaguliwa na wengine. Aliyelinda basi atengewe siku za kwanza za kuvua, kabla umati haujashuka na vyuma vyake vya kuvulia pweza.