Mkono wa tela hukatika kwa kuchoka: kagua mishono kabla ya kuvuna

Mavuno ya mahindi yamekaribia, na matela yaliyolala tangu mwaka jana yanaanza kutolewa. Kabla hujapakia gunia la kwanza, angalia mkono wa kuvutia pale ulipochomelewa kwenye fremu.

Mkono ukikatika njiani watu husema mzigo wa siku ile ulizidi. Mara nyingi si kweli. Mzigo ulikuwa wa kawaida, ila chuma kilikuwa kimeshachoka. Kila tela linapoingia shimoni na kutoka, mkazo kwenye mshono unapanda na kushuka. Hali hiyo ikijirudia maelfu kwa maelfu ya mara, ufa unaanza, mwembamba kama unywele, unakua kidogo kidogo hadi chuma kilichobaki hakitoshi. Hapo mkono unakatika ghafla, hata kwenye njia tambarare, na vijana wamekaa juu ya magunia.

Ufa huo kwa kawaida huanzia ukingoni mwa mshono, pale unapokutana na chuma chenyewe, kwa sababu pana kona kali na vijifereji vilivyochimbwa na moto wa kuchomelea. Ndiyo maana kununua chuma kigumu zaidi hakusaidii sana. Kona ni ileile.

Sasa hesabu. Kule kupanda na kushuka kwa mkazo kukiongezeka mara mbili, uhai wa mshono unabaki kama moja ya nane. Kukiongezeka kwa robo tu, unabaki karibu nusu. Kwa hiyo yale magunia ya "malizia tu", pamoja na kukimbiza trekta kwenye makorongo, yanakula tela kuliko unavyodhani.

Wala usidharau mshono mdogo. Tarehe 27 Machi 1980 mtambo wa Alexander L. Kielland ulipinduka kwenye Bahari ya Kaskazini, upande wa Norwei. Watu 123 walikufa kati ya 212. Ufa ulianzia kwenye mshono wa milimita 6 tu, ulioshika kishikio cha kifaa cha kusikilizia sauti majini. Kishikio hicho hakikuwa na kazi yoyote ya kubeba mtambo! Nawaza hilo kila ninapoona ndoano ya kamba au kisanduku cha spana kimechomelewa katikati ya mkono wa tela. Vifunge kwa kubana na bolti kuzunguka mkono, bila kuutoboa.

Kukagua si kazi kubwa. Tela liwe tupu, magurudumu yawekewe mawe. Sugua mshono kwa brashi ya waya, paka mafuta ya taa, subiri kama robo saa, futa pakauke, kisha paka unga wa chaki. Penye ufa mafuta yatatoka tena na kuchora mstari kwenye chaki. Mstari wa kutu uliopenya kwenye rangi nao ni dalili.

Ukiukuta, usikubali fundi apitishe weldi juu yake tu. Achimbe kwa grainda mpaka ufa uishe wote, ndipo achomelee upya, halafu alainishe kingo za mshono. Ukirudi tena palepale, mwambie akate kipande chote aweke kipya.