Njia ya Umeme katika Roboti ya Kwanza ya Magurudumu

Roboti ya magurudumu ambayo mwanafunzi wa ufundi au uhandisi huijenga kwa mara ya kwanza haina vipande vingi: chasisi ya plastiki au plaiwudi, mota mbili ndogo zenye gia, gurudumu dogo la tatu linalogeuka lenyewe kufuata mwendo, bodi inayoendesha programu, sensa moja au mbili, na betri. Kwa kuwa vipande ni vichache na vyote huuzwa vikiwa tayari, wengi huamini kwamba kazi nzima imo katika programu, nao hutumia majuma ya mwanzo wakiiandika na kuisahihisha kabla ya kujiuliza umeme utatoka wapi, utapita wapi, na utaifikia mota ukiwa na nguvu kiasi gani. Mtazamo huo unapaswa kurekebishwa mapema, kwa sababu roboti ya kwanza inaposhindwa kutembea, kosa aghalabu limo katika njia ya umeme, na programu husingiziwa bure.

Kwamba roboti haihitaji akili kubwa ili itembee kwa maana lilithibitishwa zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1940, katika jiji la Bristol, Uingereza, mtaalamu wa fiziolojia ya neva William Grey Walter alijenga roboti mbili za magurudumu matatu, Elmer na Elsie, ambazo kila moja iliongozwa na vali mbili tu za elektroniki, yaani vile vifaa vya glasi vilivyotangulia transista. Ziliufuata mwanga, zilikwepa vizuizi, na betri zilipopungua nguvu zilielekea kwenye kibanda chenye taa ambamo zilichajiwa. Bodi ya Arduino Uno, ya ukoo ulioanzia mjini Ivrea, Italia, mwaka 2005, hubeba mikrokontrola, yaani kompyuta nzima iliyofinywa ndani ya kipande kimoja cha silikoni, inayokwenda kwa mapigo milioni 16 kwa sekunde na yenye kilobaiti 32 za kuhifadhi programu, kiasi kinachozidi mno alichokuwa nacho Walter. Lakini jambo ambalo Walter alilitilia maanani tangu mwanzo, yaani kuifanya hali ya betri kuwa sehemu ya mwenendo wa roboti, ndilo ambalo wajenzi wa leo huliacha hadi siku ya mwisho.

Kiini cha tatizo kimo ndani ya mota. Mota inapozunguka huzalisha volteji yake yenyewe inayopingana na ile ya betri, na upinzani huo ndio unaozuia mkondo, yaani kiasi cha umeme kinachopita kwa sekunde, usiwe mkubwa kupita kiasi. Mota iliyosimama haizalishi chochote, kwa hiyo wakati wa kuanza, wakati wa kugeuza mwelekeo ghafla, au gurudumu linapokwama kwenye ukingo wa zulia, mkondo huruka. Mota za manjano zenye gia za uwiano wa 1 kwa 48, ambazo hutumiwa sana na wanafunzi, huvuta miliampea 150 hivi zikizunguka bila mzigo kwa volti 6, ilhali zikizuiwa kabisa huvuta zaidi ya ampea 1 kila moja. Mwanafunzi aliyenunua betri ya mstatili ya volti 9 kwa kudhani kwamba volti nyingi ni nguvu nyingi hukutana na hesabu chungu: ikiwa ukinzani wa ndani wa betri hiyo ni omu 2, na mota mbili zikavuta ampea 2 kwa pamoja, volti 4 hupotelea ndani ya betri yenyewe na 5 tu ndizo hubaki, wakati bodi ya Uno inashauriwa ipewe angalau volti 7 kupitia tundu lake la umeme.

Dalili zake ni rahisi kuzitambua kwa anayejua kuangalia. Roboti ikishikwa hewani, magurudumu huzunguka vizuri. Ikiwekwa sakafuni hutikisika mara moja, taa ya bodi hufifia, programu huanza upya, mota huwashwa tena, na mzunguko huo hurudiwa. Kwa asiyejua, hilo huonekana kama kosa la programu. Multimita, kifaa cha kupimia volti, mkondo na ukinzani, hutoa jibu ndani ya dakika moja ikiwekwa kwenye ncha za betri wakati mota zinaanza, kwa sababu namba kwenye kioo huporomoka mbele ya macho. Tiba iliyo bora kwa roboti ya kwanza ni kutenganisha vyanzo, betri za mota zikiwa peke yake na za bodi peke yake, huku nyaya za hasi za vyanzo vyote viwili zikiunganishwa, maana bila hasi ya pamoja ishara kutoka kwenye bodi hazina kiwango cha kulinganishwa nacho na mota hufanya mambo yasiyoeleweka.

Seli za lithiamu zinazotolewa kwenye betri za kompyuta mpakato zilizochakaa huvutia kwa bei yake, na zina uwezo wa kutoa mkondo mkubwa, lakini uwezo huohuo ndio hatari yake, kwa kuwa seli iliyojaa, yenye volti 4.2, ikipigwa shoti huweza kushika moto. Anayezitumia aweke fyuzi karibu na betri, na asiziache zishuke chini ya volti 3.

Kati ya bodi na mota lazima pawe na kiendeshi, kwa sababu pini moja ya Uno haipaswi kutoa zaidi ya miliampea 20. Kiendeshi hujengwa kwa muundo uitwao daraja la H, yaani swichi nne za elektroniki zilizopangwa pande mbili za mota, ambazo zikifungwa kwa jozi za mshazari huamua umeme upite kutoka upande upi na hivyo mota izunguke kwenda wapi. Kiendeshi maarufu cha L298N, ambacho swichi zake ni transista za aina ya zamani, hula volti 2 hivi au zaidi katika kazi yake na kuzigeuza joto, hivyo betri nne za kawaida zenye jumla ya volti 6 huifikishia mota volti 4 tu. TB6612FNG, chenye transista za kizazi kipya zaidi, hupoteza kidogo sana, nacho kinafaa zaidi kwa mota hizi ndogo.

Umeme ukishatulia, ndipo hoja ya kwenda moja kwa moja huwa na maana. Roboti hugeuka kwa tofauti ya kasi kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, na mota mbili za aina moja hazilingani kamwe. Ikiwa magurudumu yametengana kwa sentimita 13 na moja linamzidi mwenzake kwa asilimia 5, roboti ikishatembea mita 1 itakuwa imepinda kwa karibu sentimita 19. Kisahani chenye matundu 20 kilichofungwa kwenye ekseli, pamoja na sensa ya mwanga inayohesabu matundu hayo, huiwezesha programu kujua kila gurudumu limekwenda kiasi gani. Kwa gurudumu la kipenyo cha milimita 65 kila tundu ni sentimita 1 ya safari, na programu hupunguza kasi ya upande uliotangulia.

Sensa ya masafa ya HC-SR04, inayotuma mawimbi ya sauti ya kilohezi 40 yasiyosikika na kupima muda wa mwangwi wake, nayo ina mtego mdogo. Programu nyingi za mfano huchukulia kwamba sauti husafiri mita 343 kwa sekunde, ambayo ni kasi yake katika nyuzi 20 za Selsiasi, lakini katika chumba cha nyuzi 32, hali ya kawaida ya Dar es Salaam au Mombasa wakati wa joto, kasi hufikia mita 351 hivi, na ukuta ulio mita 2 husomwa kana kwamba uko karibu zaidi kwa sentimita 4 au 5. Kosa hilo haliigongeshi roboti ukutani, ila humtatiza mwanafunzi anayetaka kuchora ramani ya chumba, naye hulisahihisha kwa kubadilisha namba moja tu katika programu yake.