Damu ya dereva na hati ya hakimu

Ndugu wengi wa makanisa yetu wamehamia Marekani, na huko wanaendesha gari kila siku. Basi ni vema kufahamu jambo hili: je, polisi wa huko wanaweza kumtoa damu kwa nguvu dereva wanayemshuku kuwa amelewa?

Katiba ya Marekani inakataza kupekua watu bila sababu ya haki. Kuingiza sindano mwilini nako ni kupekua. Ndiyo maana, kwa kawaida, polisi hueleza kwanza sababu zake kwa kiapo mbele ya hakimu, naye hakimu akiridhika hutoa hati.

Lakini pombe hupungua katika damu kila saa inayopita. Mwaka 1966 Mahakama Kuu ilikubali damu iliyotolewa bila hati, kwa kuwa baada ya ajali muda wa kumtafuta hakimu haukuwepo. Mwaka 2010, katika jimbo la Missouri, dereva mmoja alisimamishwa usiku, akakataa kupimwa. Damu yake ikatolewa bila hati, ingawa hapakuwa na ajali. Mwaka 2013 Mahakama ikaamua kwamba kupungua kwa pombe peke yake si dharura ya kila mara. Siku hizi, katika majimbo mengi, hakimu anaweza kupigiwa simu hata usiku. Mwaka 2016 ikaongeza kwamba pumzi ya aliyekamatwa yaweza kupimwa bila hati, lakini damu hapana. Kwa dereva aliyezimia, uamuzi wa mwaka 2019 unawapa polisi nafasi zaidi.

Je, sheria hii inamkinga mlevi? Hapana. Hati ikipatikana, damu yaweza kutolewa hata akikataa. Na anayekataa kupimwa anaweza kunyang'anywa leseni.

Tusome Kumbukumbu la Torati 24:10-11. Mwenye kukopesha alikuwa na haki ya kupata rehani, lakini hakuruhusiwa kuingia nyumbani mwa mdeni. Alingoja nje. Haki yake ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa na mpaka. Ikiwa nyumba iliheshimiwa hivyo, si zaidi mwili, ambao Paulo anauita hekalu la Roho Mtakatifu (1 Wakorintho 6:19)?

Lakini mwili wa mtu anayevuka barabara nao umeumbwa na Mungu. Anayedai heshima kwa damu yake, asimwage ya jirani. Aliyekunywa asishike usukani, awe Missouri au Bukavu.