Ploti jina lake, unga pesa zako
Vijana wengi mjini wakioana hugawana bili: mume analipa kodi ya nyumba, mke ananunua unga, gesi na tokeni za stima. Mambo huwa shwari hadi siku ya kununua ploti. Mume anatoa pesa, hati inaandikwa jina lake, mke anaendelea kulisha nyumba. Ukimuuliza jamaa ploti ni ya nani, atakwambia, "Si ni yetu!" Sawa, lakini risiti za unga ziko wapi? Zilitupwa zamani.

Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inatambua hata mchango usio wa pesa, kama kulea watoto, kazi za nyumbani na kulima shamba. Ila Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kuolewa au kuoa pekee hakukupi nusu ya mali. Kila mmoja athibitishe alichochangia.

Kwa hivyo dada, usifute zile jumbe za M-Pesa. Nawe kaka, kama kweli ni yenu, hati iandikwe majina mawili kabla haijatoka.