Neno "Fit" la Kiingereza na Matatizo ya Kulifasiri

Umbo "fit" katika kamusi za Kiingereza lina vidahizo zaidi ya kimoja, navyo yafaa vitenganishwe kabla mfasiri hajashika kalamu. Lipo "fit" la kufaa au kulingana, ambalo asili yake bado inabishaniwa na wanaisimu. Lipo la washairi, liandikwalo pia "fytte", yaani fungu la utenzi. Utangulizi wa Kilatini unaohusishwa na Heliand, utenzi wa Kisaksoni wa karne ya 9, huyaita mafungu hayo "vitteas". La tatu, ambalo ndilo shabaha ya makala haya, hutaja jambo linalomzukia mtu kwa ghafla na kisha kumwacha.

Katika Kiingereza cha Kale, "fitt" hili lilimaanisha mapigano. Baadaye likawa hali ya hatari au taabu, na kufikia karne ya 16 likawa kipindi cha ugonjwa ujao na kuondoka, hasa homa. Kutoka hapo likaenea hadi kwenye hasira, kicheko na kikohozi. Adui wa mapigano yale amekwisha kusahauliwa. Kilichobaki ni kipimo tu cha muda na ukali.

Kiswahili hakina nomino moja ya namna hiyo, wala hakiihitaji. Mtu huangua kicheko, hupandwa na hasira, hushikwa na kikohozi. Ughafla umo ndani ya kitenzi, na kila hali ina kitenzi chake. Mfasiri anayeng'ang'ania nomino hutuletea "mlipuko wa kicheko", ambao hunuka baruti.

Ugumu wenyewe uko katika maradhi. Katika tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, aliyoitafsiri Julius K. Nyerere na kuchapishwa mwaka 1963, Cassius asimulia jinsi Caesar alivyotetemeka kwa homa huko Hispania, na "fit" analolitaja ni la homa hiyo. Katika onyesho lilo hilo, Casca aeleza jinsi Caesar alivyoanguka sokoni akitokwa na povu, na hicho ndicho kifafa. Msomaji mwenye haraka huyachanganya maradhi haya mawili.

Mkanganyiko wa namna hiyo hospitalini una hasara kubwa zaidi. Chukua fomu ya Kiingereza inayouliza kama mtoto amewahi kupata "fits". Ikiandikwa "kifafa", mama ambaye mwanawe alikakamaa kwa homa ya malaria atajibu hapana, naye atakuwa amesema kweli, kwa kuwa watoto wengi wa hali hiyo hawana kifafa. Ikiandikwa "degedege", swali litawafaa watoto wadogo tu. Tena kwa wengi wa pwani jina hilo humkumbusha mtu dege, ndege au nondo wa kipepo, na maradhi ya dege hupelekwa kwa mganga. Majina haya ya Kiswahili yamekwisha kubeba chanzo au umri wa mgonjwa, mambo ambayo "fit" halikuyataja kamwe.

Kwa hiyo ni afadhali fomu iulize dalili zenyewe: "Je, mtoto amewahi kukakamaa au kutupatupa viungo na kupoteza fahamu kwa ghafla?" Na kwa kuwa homa hubadili maana ya jibu, swali la pili lifuate papo hapo: "Wakati huo, mwili wake ulikuwa na joto kali?" Mpiga chapa huenda akalalamikia nafasi.